Pingili Nilizoambiwa Niziache Zife

Mtu akinisifia mkono wangu wa kilimo huwa nanuna, na wakwe zangu wamekwisha zoea kusema bibi huyu ana kiburi. Sina kiburi. Mkono huo ndio ulioharibu safari ya mdogo wangu, na uliiharibu kwa bidii, mchana kweupe, watu wakiimba.

Ilikuwa Mungaa, wakati wa Mwingereza, miaka ile walipokuwa wanailazimisha kila nyumba ilime muhogo kwa ajili ya njaa. Nilikuwa mjane, bado kijana, nimerudi kwa baba. Mama alikufa mapema, kwa hiyo mdogo wangu wa mwisho nilimlea mimi, mgongoni mwangu, huku nachota maji na kusaga. Alipofikia umri wa kuchunga, baba alimtoa zizini akampeleka shule ya misheni. Watu walimcheka sana baba. Mzee mzima anazunguka na ng'ombe porini, mwanawe amekaa kwenye benchi anasoma.  Baba alikohoa tu, maana kifua chake kilikuwa kibovu tangu ujana, akaendelea kuchunga.

Basi yule mtoto akasoma, akapelekwa Tabora, halafu Makerere, akarudi amevaa kaptura iliyopigwa pasi, ameajiriwa kwenye shamba la serikali la majaribio. Mkubwa wake alikuwa Mzungu mmoja mrefu, Bwana Shamba, ambaye ngozi ya pua ilikuwa inambanduka mwaka mzima kwa jua letu. Huyo Mzungu alikuwa na kopo la unga mweupe kutoka kwao. Mdogo wangu alituletea nyumbani tulione. Nilidhani ni unga wa kuoka mikate, nikataka kuonja, akaniondoa mkono.

"Dada, hii si chakula. Si dawa wala si mbolea," akasema. "Ndani ya mmea kuna kitu kidogo sana kinachoamrisha. Kinaambia mzizi toka, kinaambia jani kunjuka. Wanakiita homoni. Sasa wameweza kukitengeneza wenyewe. Ukichovya kitako cha pingili kwenye unga huu, mizizi inatoka upesi."

Nikamwambia mihogo yangu inatoa mizizi bila kuamrishwa na mtu. Akacheka. Akasema ndiyo, mvua ikinyesha vizuri. Lakini mvua ikikatika, je? Hilo ndilo alilotaka kulijua. Alitaka kulijua kwenye udongo wetu wa kichanga, si kwenye shamba la serikali wanakomwagilia.

Halafu akatuambia habari kubwa. Wataalamu wa hiyo homoni walikuwa wanakutana Ulaya katikati ya mwaka, watu wa nchi nyingi, na walikuwa wametenga nafasi za vijana walioanza kazi juzijuzi, ambao wao wenyewe wangewagharamia safari. Bwana Shamba alikuwa amelipeleka jina lake. Sharti lilikuwa moja. Kijana aende na kazi yake mwenyewe na jibu lake mwenyewe. Asiende mikono mitupu kusikiliza wakubwa.

Ningependa mumwone baba siku ile. Aliingia ndani akakaa huko kitambo, akatoka amebeba koti. Lilikuwa koti zito la sufu alilopewa alipokuwa mpagazi katika vita ya Mjerumani, na muda wote huo alilitunza ndani ya ngozi ya mbuzi, hata panya hawajalionja. Hatukuwahi kumwona amelivaa. Akasema, "Huko ni baridi. Utakwenda nalo." Akasema pia kwamba yeye mwenyewe atafika mpaka Manyoni, stesheni, ampulizie maji mwanawe hapo hapo garini. Alikwisha sema na dereva wa lori la Ikungi ampe nafasi ya mbele.

Kwetu nyumbani mtu akienda safari ya mbali, baba humpulizia maji yaliyokorogwa unga wa mtama, kifuani, kwa mdomo. Na baada ya maji hapasemwi neno tena, si kwa anayebaki wala kwa anayekwenda, mpaka msafiri apotee machoni. Baba alikuwa mkali sana kwa hilo. Neno likija baada ya maji, alisema, linayafuta.

Tangu siku ile mzee hakuwa na hamu nyingine duniani. Alikuwa akitaka amwone mwanawe anapanda treni, na wale waliomcheka wasikie.

Basi mdogo wangu akalima matuta nyuma ya nyumba yetu. Upande wa kushoto akapanda pingili zilizochovywa unga, upande wa kulia akapanda kavu, hivi hivi, kama tunavyopanda sisi. Akamaliza, akaitwa Dodoma na kisha Dar es Salaam, akachomwe sindano na kutafutiwa karatasi za kupita. Angekaa huko mpaka mvua zinakaribia kuisha. Asubuhi ya kuondoka alinisimamisha katikati ya shamba.

"Dada, naomba usiliguse. Magugu nimekwisha ng'oa. Inayokufa iache ife."

"Haya," nikasema.

"Hata maji usimwagie."

"Haya, nimesikia. Nenda, lori litakuacha."

Nilisikia kweli. Lakini hebu niwaeleze nilisikia nini. Kwetu mtu anayesafiri hawezi kukwambia nilimie shamba langu. Hana adabu huyo. Anasema, "Shamba langu liacheni tu, msijisumbue," na wewe unajua wajibu wako. Ukiliacha kweli, kijiji kizima kitakusema. Mgeni vilevile, akisema ameshiba, unampakulia tena. Mimi nilikuwa nimemlea mtoto huyu kwa adabu hiyo hiyo. Nilipomsikia anasema inayokufa iache ife, moyo wangu ulifurahi. Nikasema, kumbe Makerere hawakumharibu.

Mvua ikakatika, kama inavyokatika kwetu karibu kila mwaka, anga limekauka kama chungu kilichosahauliwa mekoni. Matuta ya kushoto yalijikaza. Ya kulia yalianza kufa. Nilikuwa napita hapo kila asubuhi na mtungi wangu wa maji kichwani, naziangalia zile pingili zinavyokunjamana, najisikia vibaya kama nimemnyima mtoto wa mtu chakula. Jirani yangu mmoja, mwanamke ambaye tulichezwa ngoma pamoja, alisimama kwenye ua wa minyaa akaniambia, "Mwenzangu, Mzungu atakuja kuangalia hiki? Mdogo wako ataonekana hajui kulima." Maneno hayo yaliniuma. Nilimjibu ovyo, lakini yaliniuma.

Nikapika pombe. Nikapita nyumba kwa nyumba kuita watu, kwa mdomo wangu huu. Walikuja wanawake wengi, na wanaume wachache waliofuata pombe. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anaota jua. Akaniuliza, "Si alisema lisiguswe?"

"Baba, hiyo ni adabu tu."

Mzee akafikiri, akacheka, akasema kweli. Tukaingia shambani. Tuling'oa pingili zote zilizokufa upande wa kulia, na mahali pake nikapandikiza mihogo iliyokwisha kushika kutoka shamba langu mwenyewe, mizuri, niliyokuwa nikiitegemea. Tukabeba samadi ya zizini kwa vikapu. Tukamwagilia. Watu waliimba wimbo wa kumsifu mwana wa nyumba anayekwenda Ulaya, na baba anapiga makofi pale kwenye kigoda. Pingili kavu nilizifunga kuni. Zilipikia ugali wa siku kadhaa.

Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia ile.

Mvua ilirudi, kila kitu kikasimama. Mdogo wangu akaja na Bwana Shamba katika gari la serikali, wamejaa vumbi. Niliwapokea langoni nimevaa kanga yangu nzuri. "Shikamoo, dada," mdogo wangu akasema, nikaitikia marahaba, nikaona macho yake tayari yako shambani.

Mzungu alitembea kati ya matuta, akitazama kushoto, akitazama kulia. Alikuwa anajua Kiswahili chake cha kuamuru. "Yote mazima," akasema.

Nilidhani ni sifa. Mwenzenu nikachanua. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa upande wa kulia, anafukua udongo kwa kidole. Akaona samadi. Akashika shina moja, akaligeuza, akalitazama pale nilipolikata. Aliinuka taratibu.

"Dada, hii si yangu."

"Yako ilikufa," nikamwambia, nami natabasamu. "Zako zilikufa, maskini. Tumejaza zote. Waulize watu, tulifanya kazi kubwa."

 Alimgeukia mkubwa wake akamwambia kila kitu kwa Kiingereza, sikuelewa neno, ila niliona pua ile nyekundu inanigeukia mimi. Mzungu akaniuliza ngapi zilikufa. Nikasema nyingi. Akauliza tena, ngapi. Nilinyoosha mikono miwili nikamwonyesha ukubwa wa mzigo, hivi, na mwingine hivi. Akauliza ziko wapi. Ilibidi niwapeleke jikoni nikawaonyeshe jivu.

Bwana Shamba alicheka. Alicheka kama mtu aliyechekeshwa kweli, halafu akamwona mdogo wangu usoni, akanyamaza. Akamshika bega. Akaniambia mimi, "Pole." Nilikuwa bado sijui ni pole ya nini.

Alipoondoka ndipo mdogo wangu aliponieleza, amekaa kwenye kinu kilicholala, bila kupandisha sauti. Alikuwa anataka zife. Kufa kwake ndilo jibu lenyewe. Angehesabu zilizokufa huku na zilizokufa kule, na tofauti hiyo ndiyo angeibeba Ulaya. Sasa upande mmoja ulikuwa na mihogo yangu mimi na samadi ya ng'ombe wa baba.

"Basi sema," nikamwambia. "Sema zilikufa nyingi za kulia. Ni kweli tupu, mimi shahidi, niliziona kwa macho yangu. Unaogopa nini?"

"Nyingi si hesabu, dada."

"Weka hesabu yoyote basi. Nani atakuja Mungaa kuuliza?"

 Sijui kama alikasirika. Ningependa angekasirika. Baadaye alipokuwa anakula akasema kosa ni lake, alipaswa kunieleza sababu, si kuniambia tu nisiguse. Akamega ugali, akachovya kwenye mlenda, akasema mlenda mzuri. Mimi nilitoka nje. Hasira niliyokuwa nayo nilimshushia mbwa.

Nafasi ile akapewa kijana mwingine, wa nchi jirani. Bwana Shamba aliahidi kulipeleka tena jina la mdogo wangu mwaka unaofuata, maana kulikuwa na mkutano mwingine wa namna ile. Mwaka mmoja si kitu, watu waliniambia. Kwa mtu mwenye mapafu mazima si kitu. Siku ambayo lori la Ikungi lingewachukua, baba alikuwa bado ana nguvu za kupanda lori. Nakumbuka aliamka mapema, akaenda mwenyewe barabarani kumwambia dereva kwamba safari haipo. Sikumwomba aende. Mimi ndiye niliyestahili kwenda, nikajifanya nina kazi jikoni.

Msimu uliofuata mdogo wangu alipanda tena, matuta yale yale, kushoto unga, kulia kavu. Safari hii alinieleza sababu mwanzo mpaka mwisho. Akarudi kazini kwake, akaniachia ulinzi. Mvua ikakatika tena. Nikakaa.

Kukaa ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya maishani. Nililima tangu sijaota meno makubwa, hakuna aliyenifundisha kutazama mmea unakufa nimekunja mikono. Nilifukuza mbuzi, nilifukuza watoto, nilimfukuza jirani yangu aliyekuja na kibuyu cha maji kwa huruma yake. Akaniambia, "Mwaka jana ulituita, mwaka huu unatufukuza. Kumbe jasho letu lilikuwa takataka." Nilijaribu kumweleza habari za homoni, nikachanganya. Akaenda zake amenuna, na alikuwa na haki. Wale wanawake waliimba shambani mwangu kwa moyo mweupe, na sikuwahi kuwaambia asante ya kutosha wala samahani.

Baba sasa alikuwa ndani, halali vizuri, kifua kinapiga kelele. Kila nikirudi jioni ananiuliza, "Zinakufa vizuri?"

"Zinakufa, baba."

"Za upande ule?"

"Za upande ule ule."

Anaridhika. Tulikuwa tunacheka, lakini mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu. Nilikuwa napeleka hesabu ya vifo kwa mtu ambaye nilimwona anaisha. Nilikuwa najua kabisa, tena nikiwa nimesimama mlangoni na mtungi, kwamba kama nisingeingiza mkono wangu mwaka jana mzee huyu angekuwa amekwisha ona treni yake.

Akaanza kutetemeka kwa baridi, hata jua likiwaka. Nililitoa koti kwenye ngozi ya mbuzi nikamfunika. Alilisukuma. Nikamfunika tena, akalisukuma tena kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Hilo la safari," akasema. Nikamfunika kanga zangu zote, na blanketi la jirani, yule yule niliyemfukuza. Alikufa anatetemeka, na koti limekunjwa pembeni, kavu, zima. Pingili zilikuwa bado hazijahesabiwa.

Mdogo wangu alikuja kuzika. Siku iliyofuata mazishi akaingia shambani akahesabu, peke yake, anainama na kuinuka. Jibu lilikuwa zuri. Za unga zilikuwa zimesimama, zile nyingine zilikuwa vijiti. Aling'oa moja iliyo hai na moja iliyokufa akazifunga kwenye kitambaa aende nazo. Nilitaka kumwomba msamaha wakati ule. Nilishindwa hata kumsogelea, watu wa msiba walikuwa wengi.

Akapata nafasi. Tulipanda lori la Ikungi sisi wawili, mimi nimekaa mbele, mahali alipoahidiwa baba. Njia nzima mpaka Manyoni nilikuwa napanga maneno. Nisamehe kwa shamba. Nisamehe kwa baba. Hili la pili ndilo lilikuwa zito, kwa sababu yeye hakuwahi kulitaja, nami sikujua kama halijui au analijua sana. Dereva alikuwa anapiga soga, namwitikia sijui nini.

Stesheni ilijaa watu na magunia ya karanga. Treni ilikuwa imekwisha kuja. Mdogo wangu alikuwa amevaa koti la baba juani, jasho linamtoka, watu wanamtazama. Nikampa chakula cha njiani. Akaweka sanduku lake ndani, akarudi akasimama mlangoni mwa gari, akaangalia nyuma yangu, kule watu wanakotokea, kama mtu anayengojea mwingine. Halafu akanitazama mimi.

"Dada, nipulizie."

Kibuyu nilikuwa nacho. Nilikikoroga asubuhi bila kujiuliza ni nani atakayekitumia.

"Mimi? Mdomo huu?"

"Huo huo. Wewe ndiye mkubwa."

Nilijua nianze na maneno yangu, halafu maji. Ndivyo ilivyopaswa. Lakini kengele ilipigwa, mtu akafunga mlango wa behewa la jirani, mimi nikaogopa, nikapiga funda haraka. Akafungua vifungo vya koti. Nilimpulizia kifuani kama baba alivyokuwa anapuliza, mara moja, unga ukabaki mweupe kwenye shati lake na kwenye sufu.

Aliinua uso. Alikuwa anangoja. Niliona kabisa kwamba anangoja, na nilichokuwa nacho kilikuwa hapa mdomoni, nimekibeba tangu Mungaa. Lakini baba alikwisha kataza neno baada ya maji. Treni ikaanza kusogea, yeye anaendelea kunitazama, maji ya unga yananitiririka kidevuni, nimefumba mdomo. Safari hii nilifanya kama nilivyoambiwa.